Tupunguze Wanga, Tusipungukiwe na Wanachama
(Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya kikundi chetu, Katonga)

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa hai. Kikundi chetu tulikianza mwaka 2015, akina mama 18, tumekaa juu ya mikeka chini ya mwembe, hisa moja shilingi elfu moja, na sanduku la kuazima. Waliotucheka walikuwa wengi. Leo sanduku ni letu, lina kufuli tatu, na waliotucheka baadhi yao wamo humu ndani wanapiga makofi. Karibuni sana, hatuna kinyongo.

Habari za fedha mtazisikia kwa Mhazini, na zimeandikwa mbele katika kijitabu hiki. Sisi leo tumeonelea tuseme habari ya chakula. Wengine watashangaa, kikundi cha kuweka na kukopa kinahusika nini na sufuria za watu? Kinahusika, na tutaeleza.

Mwaka 2019 tulimzika mwenzetu mmoja, mwanachama wa tangu siku ile ya mwembe. Alianza na kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu. Alidhani amechomwa na mwiba wa samaki wakati wa kuanika dagaa, akapaka dawa ya kienyeji, akaendelea na kazi. Kidonda hakikupona. Alipofikishwa hospitali sukari ilikuwa juu sana na mguu umeshaharibika. Alikatwa mguu, na baada ya miezi michache akafariki. Mfuko wetu wa Jamii ulitoa nauli, ukatoa sanda, ukatoa chakula cha msiba. Tulipokaa kufunga hesabu, Katibu akasema neno moja likatunyamazisha wote: "Jamani, fedha ya sanda tumeitoa siku moja. Fedha ya kipimo cha sukari hatujawahi kuitoa hata mara moja."

Basi tukabadili katiba. Tukaandika kwamba kila mzunguko, Mfuko wa Jamii unamlipia kila mwanachama kipimo cha sukari. Tulipopima mara ya kwanza tuligundua wenzetu wanne wana sukari bila kujijua. Mmoja wao ndiye huyu anayesoma hotuba hii mbele yenu. Tulikuwa tukikojoa usiku mara nne, mara tano, tunasema ni uzee. Kumbe si uzee.

Tena msidhani ni ugonjwa wa matajiri wa Dar es Salaam peke yao. Uchunguzi uliofanyika hapa nchini mwaka 2012 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wa miaka 25 mpaka 64, karibu 9 wana kisukari. Hebu hesabuni watu waliokaa hapa leo, mtajua tunasema nini.

Sasa tuje kwenye sahani. Muuguzi alituelimisha hivi: chakula cha wanga kikishaingia tumboni kinageuka sukari ndani ya damu. Ugali ni wanga, wali ni wanga, muhogo, viazi, ndizi za kupika, chapati, maandazi, vyote ni wanga. Mwili wenye afya unaitumia ile sukari. Mwili wenye kisukari unashindwa kuitumia vizuri, inabaki inazunguka kwenye damu, inaharibu macho, figo, mishipa na miguu.

Na sisi watu wa Kigoma, tuseme ukweli, ugali ndio chakula, vingine vyote tunaviita mboga. Katika gramu 100 za unga wa sembe, wanga ni kama gramu 76. Unga wa muhogo unazidi hapo. Familia ya watu wanne ikimaliza kilo moja ya sembe kwa siku, kila mtu amekula robo kilo, yaani wanga gramu 190, kabla hatujahesabu chai wala andazi. Wengi tuliambiwa "kula dona" tukafurahi, tukawa tunakula mlima wa dona badala ya mlima wa sembe. Dona ni bora kwa sababu lina nyuzinyuzi, lakini wanga wake unakaribia uleule. Mlima ni mlima.

Tukasema tuanze kubadilisha. Tena tuanze na kikao chetu wenyewe, maana pale kila wiki tulikuwa tunakunywa chai ya vijiko vitatu na maandazi mawili mawili. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Maandazi yale yalikuwa yanapikwa na mwanachama mwenzetu. Ni mjane, ana watoto anasomesha, na oda ya kikao ilikuwa riziki yake ya hakika. Tulipotangaza kwamba maandazi basi, alisimama machozi yakimtoka, akasema: "Mama Mwenyekiti, mmenikopesha wenyewe fedha ya unga na mafuta. Leo mnanifungia biashara, hilo deni nitalilipa na nini?" Kikao kizima kikawa kimya. Alikuwa na haki. Tulikuwa tumefikiria sukari yetu, hatukufikiria sufuria yake.

Tulikaa vikao viwili juu ya jambo hilo. Tukaamua deni lake lisogezwe mbele bila faini, na oda ya kikao ibaki kwake, ila alete vitu vingine: mayai ya kuchemsha, karanga za kuchemsha na dagaa wa kukaanga wakavu wenye limao na pilipili. Mwanzo alipata hasara, hatufichi, kwa sababu mayai yana gharama. Leo dagaa wake wananunuliwa mpaka na abiria stendi. Maandazi bado anapika kwa wateja wengine, wala hatumlaumu. Lakini tulijifunza kwamba ukimwondolea mwenzio kitu, mwekee kingine mahali pake. Na chakula ni hivyo hivyo. Ukiondoa ugali ukaacha sahani tupu, kesho mtu ataurudia tena kwa hasira.

Kwa hiyo tunawapa hapa orodha ya vile tulivyobadilisha. Hakuna hata kimoja cha kuagiza mbali.

Kwanza, chai. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni kama gramu 4. Vijiko vitatu kwa vikombe vitatu ni gramu 36 kwa siku. Sisi tulipunguza kidogo kidogo, nusu kijiko kila wiki, ulimi ukazoea. Badala ya sukari tunatia tangawizi, mdalasini, iliki au mchaichai. Msidanganyike na asali, asali nayo ni sukari.

Pili, kitafunwa cha asubuhi. Badala ya andazi, kitumbua au chapati, kula yai, au nusu parachichi na chumvi kidogo, au karanga kiganja kimoja. Badala ya uji, supu ya migebuka yenye limao na nyanya. Supu ile inakaa tumboni mpaka saa saba mchana, na uji ulikuwa unatuacha na njaa saa nne.

Tatu, ugali. Tunaanza kwa kupakua kila mtu kwenye sahani yake. Kwenye sinia la pamoja huwezi kujua umekula kiasi gani, mkono unakwenda tu. Kula sinia moja ni upendo wetu, hatuuvunji, lakini mgonjwa apakuliwe. Kipimo chake ni ngumi yake mwenyewe, baadaye nusu ya ngumi. Nafasi iliyobaki ijazwe mboga: lengalenga, matembele, majani ya maboga, mnavu, bamia, biringanya, nyanya chungu. Na sombe pia, ilimradi itwangwe na ichemshwe sana bila kufunikwa ndipo iungwe.

Nne, wali. Kata kabichi nyembamba sana, ikaange na kitunguu na karoti kidogo kwa mafuta machache, isilainike sana. Mimina juu yake mchuzi wa samaki. Waume zetu walicheka siku ya kwanza, siku ya tatu wakaomba waongezwe.

Tano, muhogo wa kuchemsha na viazi. Muhogo mbichi gramu 100 una wanga kama gramu 38. Boga la kawaida lina kama gramu 7 tu. Boga la kuchemsha na karanga zilizosagwa linashibisha, nalo tunalipanda wenyewe.

Sita, chipsi mayai. Vijana wetu wameingia sana huko. Kaanga mayai na kabichi, kitunguu na pilipili hoho, acha viazi.

Saba, soda. Chupa moja ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37, yaani vijiko tisa. Badala yake maji yenye kipande cha limao. Leo kwenye sherehe hii mmeona maji mezani, msifikiri tumefilisika.

Nane, matunda. Hapa tunajua mtatuchukia, kwa maana Ujiji bila embe si Ujiji. Embe kubwa lililoiva lina sukari nyingi. Hatujasema msile. Tumesema kipande, si ndoo. Parachichi ndilo rafiki, wanga wake ni kidogo na sehemu kubwa ni nyuzinyuzi.

Na kitoweo je? Hapo Mungu katupendelea. Dagaa, lumbu, migebuka, kuhe, sangara, wote hawana wanga. Hata ndugu zetu wa Burundi, dagaa wao wanawaita ndagala na migebuka wanawaita mukeke, ni ziwa lile lile. Mawese nayo hayana wanga, na rangi yake nyekundu inaleta vitamini A, lakini ni mafuta mazito. Vijiko viwili vya mezani kwa mboga ya familia vinatosha, na usiyachome mpaka yawe meupe. Dagaa waliotiwa chumvi uwaloweke na uwaoshe, hasa mwenye presha.

Sasa kuna jambo tunataka tulisemee kwa uwazi. Siku hizi kwenye simu yamejaa mafundisho ya kuacha wanga kabisa. Wanaiita lishe ya ketojeniki. Lishe hiyo si uchawi wala si ya jana. Daktari mmoja wa Marekani, Russell Wilder wa Mayo Clinic, aliipendekeza mwaka 1921 kwa wagonjwa wa kifafa. Kwa kawaida mtu anakula wanga chini ya gramu 50 kwa siku, na mwili ukikosa sukari unaanza kuunguza mafuta. Wapo wenye kisukari cha ukubwani ambao sukari yao inashuka vizuri kwa njia hiyo, na uzito unapungua. Lakini angalieni: ugali wa ngumi moja tu unaweza kuzimaliza gramu 50 zote. Kwa hiyo haya yetu ya ngumi na nusu ngumi ni hatua ya kuanzia, si lishe hiyo yenyewe. Anayetaka kwenda mbele zaidi aende na daktari wake.

Tunasema hivyo kwa sababu tuliumia. Mwenzetu mmoja anayechoma sindano ya insulini alisikia mafundisho ya simu, akaacha ugali, wali na kila kitu siku moja, kwa nia nzuri kabisa. Sindano akaendelea kuchoma kipimo kile kile. Siku ya tatu alikuwa mwaloni alfajiri anasubiri mitumbwi. Akaanza kutetemeka, jasho linamtoka kwa baridi ile, anaongea maneno yasiyoeleweka. Watu wakasema amepandisha mashetani. Bahati nzuri alikuwepo mwanachama aliyehudhuria somo letu, akapiga kelele, "Sio mashetani, sukari imeshuka!" Akakoroga sukari vijiko vinne kwenye maji akamnywesha wakati bado anaweza kumeza. Baada ya robo saa akajua yuko wapi. Kisha tukampeleka hospitali, daktari akampunguzia kipimo cha sindano.

Kwa hiyo wekeni akilini. Insulini na baadhi ya vidonge hushusha sukari. Chakula cha wanga ukikipunguza na dawa ikabaki vile vile, sukari inaweza kushuka mpaka mtu akapoteza fahamu, hata akafa. Usipunguze wanga sana kabla ya kuonana na daktari, na dawa usiipunguze kwa kichwa chako. Mtu aliyezimia usimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, na mwenye ugonjwa wa figo wasijaribu kuacha wanga kwa kusikia hotuba hii. Ndiyo maana katika sanduku letu, pamoja na madaftari ya hisa, kuna mfuko mdogo wa sukari. Tumeiondoa kwenye chai tukaiweka kwenye huduma ya kwanza.

Jambo la mwisho ni gharama, maana tunawasikia mnanong'ona. Mnasema: ugali unashibisha kwa bei ndogo, samaki na mayai tutayaweza? Ni kweli, ugali ni rahisi. Hata sisi hatukuweza kila siku. Tulichofanya ni hesabu. Fedha ya sukari, soda na maandazi tuliiweka pembeni wiki nzima, tukaona inanunua mayai na dagaa si haba. Pili, tunanunua dagaa kipindi cha giza, wakati taa zinavua na dagaa ni wengi, si siku za mbalamwezi ambapo mitumbwi inapumzika na bei inapanda. Tunawaanika juu ya chanja, si mchangani, tunawahifadhi.

Mwaka 2024 jambo hilo lilituokoa. Serikali ililifunga Ziwa Tanganyika kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti ili samaki wapumzike na kuzaliana. Miezi mitatu, hapa Katonga mwalo uko kimya. Wengi wetu kazi ilisimama, na kitoweo kikawa adimu. Lakini mwezi wa nne tulikuwa tumekubaliana kutoa sehemu ya akiba, tukanunua dagaa wakavu kwa pamoja, kila mwanachama akakatiwa kisado kwa mkopo usio na riba. Walipokwisha tukala maharage. Maharage yana wanga, lakini sukari yake inapanda taratibu, na bakuli dogo la maharage na mboga nyingi ni afadhali kuliko mlima wa ugali na kichuzi. Tulipopima sukari mwezi wa nane, wenzetu wawili ilikuwa imepanda, wawili wametulia. Hatukufanikiwa wote, lakini hakuna aliyelazwa.

Wapo waliotusema. Tulipopungua mwili, majirani walisema tumeambukizwa. Tulipopakua ugali mdogo, wakwe walisema nyumba hii ina njaa. Bibi mmoja wa kwetu alikataa kabisa, akasema, "Mimi nimekula ugali miaka sabini, mnataka nife na majani mdomoni kama mbuzi?" Tulimwacha. Lakini sasa tunamwona anapakuliwa kwenye sahani yake, na sahani yenyewe ndogo. Hajasema kitu, nasi hatujamuuliza.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunayo maombi mawili tu. La kwanza, tunaomba utusaidie kupata mashine ya kupimia sukari pamoja na vijiti vyake, viwepo hapa karibu na mwalo, kwa kuwa mwenye kazi ya alfajiri hawezi kupanga foleni mjini asubuhi. Kikundi kitachangia vijiti, tumeshapitisha katika mkutano. La pili, tunaomba mtaalamu wa lishe aje kutufundisha hata mara moja kwa mwaka, atusahihishe pale tulipokosea, kwa sababu sisi ni watu wa darasa la saba. Tumesema tunayoyajua.

Akina mama wenzetu, miaka 10 iliyopita tulifundishana kwamba haba na haba hujaza kibaba, tukaweka elfu moja moja. Sasa tufundishane kupunguza haba na haba: nusu kijiko wiki hii, nusu ngumi wiki ijayo. Asiyepimwa bado, mezani kwa Katibu kuna orodha, andika jina lako kabla hujaondoka. Yule tuliyemzika mwaka 2019 alikuwa na hisa 40 kwenye daftari letu. Tuliwagawia watoto wake fedha zake zote, senti haikupotea. Lakini watoto wale wangependa zaidi kumwona mama yao amekaa hapa leo, anakula dagaa pamoja nasi.

Chakula kiko tayari. Ugali upo, lakini tumewapakulia.